Nani Atalipia Mwamba?

Hotuba hii niliitoa Mwanza mbele ya madiwani, wakuu wa shule, watendaji wa kata na makandarasi waliosajiliwa kwenye madaraja ya chini. Mvua ya siku ile iliwazuia wengi kufika, wakaomba niiweke yote. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu wangu, ndugu zangu makandarasi: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 40, na nikianza kutaja vyeo vya waliokaa meza kuu zitaishia hapo hapo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze njia ipi ya kujenga ni nafuu. Fosi akaunti, yaani mwajiri ajenge mwenyewe kwa mafundi, au mkandarasi? Zabuni ya kawaida au sanifu-jenga, yaani anayejenga ndiye achore? Halmashauri ijenge kwa fedha zake au itafute mbia? Mimi ni mkadiriaji majenzi, bei ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nadhani mlitegemea nije na jedwali la bei. Sikuja nalo. Kabla ya bei kuna swali lingine: likitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, nani atalipia?

Maana litatokea. Nani hapa anaweza kunitajia mradi ambao halikutokea? Mvua itawahi. Saruji itapanda. Chini ya udongo kutakuwa na kitu ambacho mchoraji hakukiona. Mkubwa atashuka kwenye gari, azunguke saiti dakika kumi, aseme vyoo vihamie upande wa pili. Mkataba hauzuii hata moja kati ya hayo. Unachofanya ni kuandika mapema bili itapelekwa kwa nani.

Tuanze na njia tuliyoizoea. Mwajiri anaajiri mshauri, mshauri anachora, mkadiriaji anaandaa BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, zabuni inatangazwa, siku hizi kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, mkandarasi anashinda na anajenga, mshauri anasimamia. Ni ndefu, inachosha, lakini kila mtu anajua anaposimama. Sasa, ndani ya njia hii hii moja kuna mikataba ya namna mbili, na watu husaini mmoja wakidhani wamesaini mwingine. Kuna mkataba wa bei ya jumla: tumekubaliana kiasi fulani, basi, jenga unikabidhi. Na kuna mkataba wa kupima: tumekubaliana bei ya kila kipimo, kazi ikifanyika tunashuka na futi, tunapima, tunalipa kilichopimwa.

Tofauti yake niliiona kwenye mtaro wa msingi, katika kilima kimoja cha mji huu. Lilikuwa bweni la wasichana. Mkataba ulikuwa wa bei ya jumla. Kabla ya zabuni yalichimbwa mashimo mawili ya majaribio, yote mawili upande wa barabarani, kwa sababu gari lilifika huko bila shida. Udongo ulikuwa mzuri kabisa. Kazi ikaanza, vijana wakachimba kuelekea mgongoni mwa kiwanja, na sululu ikaanza kuimba. Mwamba. Ninyi wenyeji wa jiji la miamba mnacheka, mngenishangaa kama ningesema wamekuta mchanga.

Kulipua kusingewezekana, nyumba za watu ziko hatua chache. Mkandarasi, wa daraja la chini kama wengi mliomo humu, akaita wapasua mawe. Mnawajua: wanawasha moto juu ya jiwe, linapata joto, linaanza kutoa nyufa, ndipo nyundo inafuata. Wiki zikapita. Akaandika barua kuomba nyongeza. Jibu lilikuwa sentensi mbili: mkataba ni wa bei ya jumla, na wewe ulisaini kwamba umekagua kiwanja ukaridhika. Kisheria jibu lilikuwa sahihi. Kuna waliofurahi kwamba halmashauri imeokoa fedha.

Je, iliokoa?

Tulipofika kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, msimamizi wa saiti akashusha futi kabla zege halijamwagwa. Michoro ilitaka nondo za milimita 12 na ringi kila sentimita 20. Ndani ya mbao zililala nondo za milimita 10, ringi kila sentimita 30, pengine zaidi. Mtasema mkandarasi ni mwizi, na sitamtetea, tulimfungulisha kazi yote akaisuka upya. Lakini mnaona kilichotokea? Mwamba ulikuwa umetoka kwenye msingi ukapanda hadi kwenye lenta. Hatari uliyomtwika mtu asiye na mtaji wa kuibeba itarudi, na mara nyingi hurudi ikiwa imejificha ndani ya zege.

Ungefanyaje? Kwenye mkataba wa kupima, BOQ ingekuwa na mstari mmoja: kuchimba mwamba, meta za ujazo kadhaa za kukadiria, bei kwa kila meta. Ukikutwa mwamba, tunapima, tunalipa. Usipokutwa, mstari ule haulipwi hata senti. Na niwaambie siri ya makandarasi wazoefu, wanisamehe: kwenye bei ya jumla, mkandarasi anayejua kazi yake tayari ameweka bei ya mwamba ndani, uwepo usiwepo. Kwa hiyo ama unamlipa mjanja kwa mwamba ambao haupo, ama unampata mgeni wa bei ndogo asiyeweza kuulipia uliopo. Bei ya jumla inafaa pale ambapo kazi inajulikana yote. Ghala la bati juu ya ardhi iliyopimwa vizuri, sawa. Msingi mlimani, hapana.

Na njia hii ya kawaida ina sharti moja ambalo tunalivunja kila mwaka: michoro iishe kwanza. Iishe. Mnalijua jengo la opera la Sydney, lile lenye paa kama matanga. Joe Cahill, kiongozi wa serikali ya jimbo lile, aliogopa kwamba asipoanza mapema siasa zitamgeukia, basi ujenzi ukaanza mwaka 1959 wakati hakuna aliyekuwa anajua paa litasimamaje. Nguzo zikajengwa. Hesabu ya paa ilipopatikana, nguzo zikaonekana haziwezi kulibeba, zikavunjwa na kujengwa upya. Msanifu wake, Jørn Utzon, alijiuzulu mwaka 1966 na kurudi kwao. Makadirio ya dola za Australia milioni 7 yaliishia kwenye milioni 102, na jengo likafunguliwa mwaka 1973. Sisi hatuna opera. Lakini nani hapa hajawahi kusikia, "Anzeni msingi, Mwenge unakuja mwezi ujao"?

Nimesikia makofi upande wa wahandisi tu. Tuendelee.

Sasa fosi akaunti, ambayo najua ndiyo mnayoisubiri. Hapa mwajiri mwenyewe ndiye mjenzi. Ananunua vifaa, anapatana na mafundi hela ya ufundi, anasimamia. Haikubuniwa juzi, idara za ujenzi za serikali zilifanya hivyo miaka mingi. Lakini kipimo chake kikubwa kilikuja mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja. Shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa shilingi milioni 20, pamoja na samani. Muda: miezi michache, wanafunzi waingie Januari.

Na yalijengwa. Tusiwe watu wa kubeza. Kwa utaratibu wa kawaida, mwezi Januari tungekuwa bado tunafungua bahasha za zabuni. Fedha zilizunguka vijijini, fundi wa kata alipata kazi, wazazi walisomba mchanga na mawe, na mwananchi aliliona darasa likipanda mbele ya macho yake.

Lakini nani alikuwa mkandarasi wa madarasa yale? Mwalimu mkuu. Ndiyo, mwalimu mkuu. Kulikuwa na kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na kwenye shule ndogo kamati zote tatu zilikuwa na sura zile zile. Nilikuta mwalimu mmoja wa Hisabati ameweka mifuko ya saruji kwenye maktaba, vitabu vimehamishiwa ofisini kwake, ufunguo kaufunga kwenye kamba ya kitambulisho shingoni. Asubuhi anahesabu mifuko, anaingia darasani, mapumziko anahesabu tena, jioni anasaini daftari la fundi. Nikamuuliza, "Mwalimu, kidato cha nne wako kwenye mada gani?" Akanitazama, akahesabu mfuko mwingine.

Saa za mwalimu yule ziliandikwa wapi kwenye ile milioni 20? Hazikuandikwa. Mafuta ya gari la mhandisi wa halmashauri, mmoja, mwenye saiti zilizotawanyika kata zote? Hayakuandikwa. Mchanga wa wazazi? Na milioni 20 ni ile ile, uwe Nyamagana karibu na duka la saruji au uwe Ukerewe unakovusha kila mfuko kwa chombo cha majini. Ndiyo maana nasema tuwe waangalifu tunapotamka kwamba fosi akaunti ni nusu ya bei ya mkandarasi. Sehemu ya unafuu ule ni halali kabisa: hakuna faida ya mkandarasi, hakuna gharama za dhamana. Sehemu nyingine ni gharama zilizolipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Turudi kwenye swali letu. Ukuta ukitoa ufa, nani atalipia? Kwa mkandarasi una fedha ulizozuia, una kipindi cha matazamio ambacho kasoro ni zake, unampigia simu arudi na saruji yake. Kwenye fosi akaunti unampigia nani? Fundi yuko kijiji kingine, na namba yake haipatikani. Unayempigia ni wewe mwenyewe. Hatari yote umebaki nayo. Mimi siipingi kwa sababu hiyo. Kwa darasa lisilo na ghorofa, ramani ya kawaida, mafundi wanaojulikana, hatari hiyo inabebeka. Lakini nimeona watu wanataka kujenga ghorofa kwa fosi akaunti. Ghorofa! Zege la juu ya vichwa vya watoto halisimamiwi na kamati ya mapokezi, ndugu zangu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikirudia udhaifu wa usimamizi kwenye njia hii, na tunazisoma, tunatikisa vichwa, tunafunga.

Njia ya tatu ni sanifu-jenga, na dada yake mkubwa anayeitwa EPC, yaani usanifu, ununuzi na ujenzi kwa mkono mmoja. Hapa unamwambia mkandarasi mmoja: mimi nataka kitu kifanye kazi hii, wewe chora, wewe jenga, nikabidhi funguo. Wanaotumia vitabu vya FIDIC, mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, hutofautisha kwa rangi: chekundu ni pale mwajiri anapochora, cha njano mkandarasi anachora, cha fedha mkandarasi anabeba karibu kila kitu na bei haiguswi kirahisi. Faida yake ni kwamba huwezi kusikia mchoraji na mjenzi wakirushiana lawama, maana ni mtu mmoja. Hasara yake ni kwamba ukishasaini, ukimya ni sehemu ya malipo. Kila unaposema "naomba hapa tubadilishe kidogo," unafungua pochi.

Reli yetu ya SGR, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ilisainiwa Februari 2017 kwa sanifu-jenga, muda miezi 30. Abiria walipanda Juni 2024. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilisainiwa Desemba 2018, mkandarasi mmoja wa ubia kutoka Misri akibeba usanifu, ununuzi na ujenzi, megawati 2,115, shilingi trilioni 6.5. Lilitarajiwa Juni 2022. Maji yalianza kujazwa Desemba mwaka huo, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024. Leo treni inakimbia na umeme unawaka, nami hujivunia vyote viwili. Sababu za kuchelewa ni nyingi, na ugonjwa wa dunia nzima ni mojawapo. Ninachotaka mkione ni kimoja: bei iliyofungwa haifungi tarehe. Mkandarasi akichelewa anaweza kutozwa fidia ya ucheleweshaji, lakini fidia hiyo haiwashi taa. Mwenye taa ni wewe, na giza ni lako.

Na kuna jambo la pili ambalo halmashauri hazilioni. Ili ununue kwa njia hii lazima ujue kueleza unachotaka. Mradi wa bwawa ulikuwa na wahandisi washauri wakikagua kila mchoro kwa niaba ya mwajiri. Halmashauri yenye mhandisi mmoja ikisaini sanifu-jenga, nani atamkagua mchoraji? Atajikagua mwenyewe? Utaletewa jengo lililo sahihi kwa kila neno la mkataba na ambalo hulitaki.

Kuhusu mkataba wa kurudisha gharama na kuongeza asilimia ya faida sitasema mengi. Kama huna mtu wa kukaa na risiti za mkandarasi kila siku ya Mungu, usiuguse.

Ubia wa umma na binafsi, PPP. Neno hili sasa liko kila mkutano, na linatamkwa kama vile kuna fedha za bure zimepatikana mahali. Hakuna. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, meta 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Sehemu kubwa ya fedha zilitoka NSSF, yaani michango ya wafanyakazi, iliyobaki ikatoka serikalini. Fedha za wanachama lazima zirudi, kwa hiyo anayevuka analipa tozo. Wakazi wa Kigamboni walilalamika miaka, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Sasa linganisheni na daraja letu hapa, la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 kwa fedha za Serikali. Hili nalo limelipiwa na mtu: na mlipa kodi, akiwemo wa Mtwara ambaye hajawahi kuliona. Ipi ni haki zaidi, alipe anayevuka au tulipe wote? Hilo ni swali lenu wanasiasa. Mkadiriaji hana jibu lake.

Nairobi wamekwenda mbali zaidi. Barabara ya kulipia, yenye sehemu iliyoinuliwa juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilianza kutumika Mei 2022. Kampuni ya Kichina iliijenga kwa fedha ilizotafuta yenyewe, na kampuni yake tanzu inakusanya tozo kwa miaka 27. Mwenye haraka anapanda juu, analipa, anapita. Asiye nacho anabaki chini kwenye Mombasa Road na foleni yake. Nimepita juu, nimepita na chini. Juu kuzuri. Lakini mkataba wa miaka 27 unawafunga watu ambao siku ya kusaini walikuwa shule ya msingi. Nani alikadiria magari yatakuwa mangapi? Yakiwa machache, nani atafidia? Kifungu hicho kisomeni kabla ya kusoma kifungu cha tozo. Kama serikali imeahidi kufidia pengo, basi hatari ya magari haikwenda kwa mwekezaji, imebaki kwenu ikiwa imevaa suti. Soko, stendi, maegesho: halmashauri zetu zitaletewa mikataba ya namna hii, na zisome hapo kwanza.

Makandarasi, sasa nawageukia ninyi. Sheria ya manunuzi ya mwaka 2023 imewapa upendeleo mkubwa: kazi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za wazawa. Vizuri sana. Lakini njia yoyote kati ya hizi, yoyote, inakufa pale mwajiri asipolipa. Na waajiri, nawaambia mbele ya uso wenu: kuchelewesha hati ya malipo ni kumfanya mkandarasi awe benki yenu bila leseni.

Yupo mama mmoja mkandarasi, daraja la saba, alijenga zahanati. Malipo yalichelewa. Mkopo wa benki ukawa unakula riba, akauza gari lake la kubebea kokoto. Tulipokaa naye kuandaa madai, mkataba ulikuwa unamruhusu kudai riba ya ucheleweshaji na muda wa nyongeza. Nikamwomba barua. "Barua gani, mwanangu? Nilikuwa nakwenda ofisini kwao kila Jumatatu, wananijua hadi mlinzi." Hakuna barua. Hakuna shajara ya saiti. Mikataba ya FIDIC inakupa siku 28 tangu ulipojua tukio kutoa taarifa ya madai; mingine ina siku zake. Zikipita, unaweza kuwa na haki yote duniani na usilipwe. Mama yule aliogopa kwamba akiandika ataonekana mkorofi na hatapewa kazi tena. Mnacheka, lakini wangapi humu wana shajara ya saiti iliyoandikwa hadi jana?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakati wa chai mlinionyesha kazi tatu za mwaka ujao, mkaniuliza ningefanyaje. Nijibu nimalize.

Madarasa manne yasiyo na ghorofa: fosi akaunti, lakini mtafutieni mwalimu mtunza stoo wa muda na mumlipe, na mafuta ya mhandisi yaandikwe kwenye bajeti ya mradi. Soko la ghorofa moja: mshauri, michoro kamili, halafu mkandarasi kwa mkataba wa kupima, na mstari wa mwamba usikosekane kwenye BOQ. Aliyekuja na wazo la mbia wa soko aulizwe kwanza wafanyabiashara watalipa kodi ya kizimba kiasi gani, maana naona hesabu ile imefanywa vizimba vyote vikiwa vimejaa tangu siku ya kwanza.

Barabara ya lami ya kilomita mbili: ni ya kupima pia, na msisaini kabla mabomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na nguzo za TANESCO hazijahamishwa. Mkandarasi akikuta nguzo katikati ya njia, kila siku anayosubiri na greda lake limesimama ni yenu kulipia, na safari hii ataandika barua, kwa sababu nimeshamwambia aandike. Karibuni maswali.